Fremu Namba Moja

Kaka yangu aliogopa jambo moja tu maishani mwake, na si kifo. Aliogopa binti yake asije akajua ni nani aliyemkanyagisha baba yetu ile picha. Nalitaja mapema ili nisije nikaambiwa nimewazungusha. Na aliyemwaga mtama ni mimi, dada yake wa tumbo moja, mchana kweupe, akili zangu zote zikiwa kichwani.

Mtaa mzima unamwita Fremu, kwa sababu ndiyo kazi yake tangu ana miaka ishirini. Karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba, hatua nne kwa tano. Kuna benchi lililojaa makovu ya msumeno, kuna vioo vimesimamishwa ukutani na magazeti katikati ili visikwaruzane, na kuna kaka mwenyewe ameinama, misumari midogo ameibana midomoni. Ukimsalimia anakujibu kwa kichwa. Ametia fremu maharusi, vyeti vya shule na marehemu wasio na idadi. Lakini uliomjengea nyumba ni uso mmoja, uso wa kiongozi tuliyemwita Tabasamu, maana kwenye picha yake rasmi alicheka kama mtu aliyeruka foleni na asikamatwe. Kila ofisi, kila shule, kila duka la dawa na kila bucha ilibidi imtundike. Nyama ining'inie hapa, yeye pale.

Kabla ya Tabasamu alikuwepo Kofia, kiongozi wa kwanza, ambaye hakuna raia aliyewahi kuuona utosi wake. Kofia alipoangushwa, watu walimletea kaka fremu zao wabadilishiwe uso. Ubao wa kuziba nyuma ulikuwa ghali, na picha za Kofia zilichapwa kwenye kadi nene, vipimo vilevile. Basi kaka hakuzitupa. Alimwacha Kofia ndani ya fremu, akamlaza Tabasamu juu yake, akafunga. Kwa miaka thelathini na minane Tabasamu aliwachekea watu huku Kofia yuko mgongoni mwake, na aliyejua ni fundi peke yake. Na mimi.

Baba yetu alifanya kazi posta, kupanga barua. Alimpenda Kofia mapenzi ambayo mama hakuyapata. Picha ilikaa sebuleni juu ya redio, na nyuma yake, kwa wino wa buluu wa ofisini, baba aliandika siku tulizozaliwa. Alisema karatasi hupotea, lakini ile picha haitatoka ukutani hata nyumba ianguke.

Chini ya meza yake kule posta kulikuwa na kikapu. Barua za watu fulani hazikwenda kwenye visanduku vyao, zilikwenda kwenye kikapu, na saa kumi alikuja bwana mmoja mwenye suti kukichukua. Baba hakuwahi kufungua barua ya mtu. Alitenga tu. Alikuwa akilisema hilo kwa fahari mezani, kwamba miaka yote ile hajawahi kufungua hata moja, na sisi tuliendelea kutafuna.

Kaka alipofika miaka kumi na tisa akajiunga na vijana waliotaka Kofia aondoke. Kiongozi wao alikuwa kijana mrefu wa mtaa wa pili, tukimwita Ngazi. Baba yake Ngazi alimwandikia nduguye barua akilalamika juu ya foleni za sabuni. Barua ikaingia kikapuni, na mzee akachukuliwa. Alirudi baada ya miaka minne hana meno na hana la kusema. Kwa hiyo msidhani vijana wale walikuwa na wazimu. Walikuwa na haki yao, na kaka alikuwa mtoto wa mtu wa kikapu, kila akifungua mdomo mikutanoni wanamtazama kwa jicho la pembeni.

Walikuja Jumamosi asubuhi. Geti nilifungua mimi, nikiwa na miaka kumi na saba, kwa sababu sauti iliyoita ilikuwa ya kaka. Walikuwa kumi na mmoja. Kaka akaingia wa kwanza na viatu vyake, akapita juu ya mkeka ambao mama alikuwa ametoka kuufuta, akapanda kwenye kiti, akaitoa picha ukutani. Wakailaza uani na kioo chake, uso juu.

"Kanyaga," Ngazi akamwambia baba.

Majirani walishajaa ukutani, vichwa tu vinaonekana. Baba hakubisha. Alimsogelea Ngazi, akamwuliza kitu kwa sauti ya chini, mdomo karibu na sikio. Ngazi akamtazama kaka, akatikisa kichwa kukubali. Baba akaketi kwenye ngazi za mlango, akafungua kamba za viatu, cha kushoto kwanza, halafu cha kulia. Soksi akazikunja akaziweka ndani ya viatu. Kisha akapanda juu ya kioo kwa miguu mitupu, akasimama hapo mpaka alipoambiwa ashuke.

Kaka alipiga makofi. Wote walipiga, ila ya kwake niliyatambua, kwa sababu nilizoea kuyasikia akinipigia nilipokuwa naimba bafuni.

Nilimtoa baba vipande kumi na kimoja kwa kibanio cha nyusi cha mama. Kimoja kilinishinda, kikabaki kisiginoni, na toka siku ile anachechemea. Wenzangu hospitalini huniuliza nani alinivutia uuguzi. Huwa nawajibu ni mzazi, wanasema inapendeza.

Hakuna aliyeomba radhi katika nyumba ile. Baba na kaka waliongea habari za paa linalovuja na habari za mvua. Kaka alikuwa akiniambia, tukiwa wawili, "Ulimwona alivyokanyaga haraka? Kama kweli alimpenda Kofia wake angekataa. Mzee hana uti wa mgongo." Alilisema mara nyingi, miaka mingi, hata nilipokuwa sijamwuliza. Mtu anayelala usingizi mzuri harudii jambo namna hiyo.

Baada ya miezi mitatu Kofia akaanguka. Kaka akapata kibarua kwa fundi fremu, na kazi yake ya kwanza ikawa ofisi ya mtaa, picha kubwa ya Tabasamu, itundikwe siku hiyohiyo kabla wakubwa hawajafika. Ubao wa nyuma haukuwepo. Akakimbia nyumbani, akavuta picha ya baba nyuma ya kabati, pale mama alipoificha, akaitia ndani ya fremu. Juu ya mbao akachoma kwa chuma cha moto alama yake na namba moja. Aliniambia siku moja tu, alipokuwa amefiwa na mkewe na maneno yanamtoka ovyo.

"Ungeichoma moto yakaisha," nikamwambia.

"Nilijaribu. Haikushika."

Sasa huyu binti yake. Tunamwita Spika, kwa sababu tangu utotoni akinong'ona anasikika barabarani. Ana miaka ishirini na miwili, anasoma chuo, na kichwa kimemvimba kwa kusifiwa. Tabasamu alizeeka madarakani mpaka cheko likamwozea mdomoni, na miezi miwili iliyopita vijana walijaa barabarani wakamtoa. Spika alikuwa mstari wa mbele. Nilimpikia, nilimwosha macho ya moshi, nilijivunia. Halafu nikaona wamevaa nini kifuani.

Walivaa Kofia. Mtoto aliyezaliwa miaka kumi na sita baada ya Kofia kuondoka anatembea na uso wa Kofia juu ya matiti yake na machozi yanamlengalenga. Nikamweleza habari za foleni za sabuni. "Lakini Shangazi, angalau kulikuwa na nidhamu." Nikamweleza habari za kikapu. Akanitazama kwa huruma, kama natazamwa na daktari. "Hizo ni propaganda za Tabasamu, Shangazi. Waliwajaza nyinyi, si kosa lenu."

Nilitaka kumzaba kofi. Kaka pia, akiwa na umri ule, alikuwa akimweleza baba historia ya nchi ambayo baba ameiishi. Kila kundi la vijana hapa huja na uhakika wake, na huwa linaukuta ule wa wenzao waliotangulia bado uko mlangoni, likaupiga teke.

Na Spika alikuwa na hadithi. Hadithi yenyewe ilikuwa babu yake. Kwenye mikutano alipanda jukwaani akasema babu yake, mfuasi mwaminifu wa Kofia, alikanyagishwa picha miguu mitupu na majambazi wa Tabasamu, na mpaka leo anachechemea. Watu walilia; majirani walioona siku ile walishakufa au kuhama. Hadithi hiyo ndiyo iliyompandisha akawa katibu. Baba yake alikuwa akisimama nyuma ya umati, mikono mfukoni, akisikiliza mwanawe anavyomwita jambazi bila kujua.

Siku moja tukiwa mezani kwangu, mchana, Spika akamgeukia. "Baba, siku ile wewe ulikuwa wapi?"

"Safarini," kaka akajibu. "Nipitishie chumvi."

Akanyoosha mkono kupokea chumvi kutoka kwangu. Baba alikuwa ameketi palepale, mwisho wa meza, miaka themanini na minne, masikio yamekufa na kumbukumbu inakuja na kuondoka kama umeme. Asubuhi nilikuwa nimemfunga kamba za viatu, kwa sababu havai kandambili, anasema mtu wa posta hawezi kukutwa na kandambili. Nimekaa naye mimi. Nimemkanda kile kisigino kila msimu wa baridi. Na huyu alikuwa safarini.

Niliweka chumvi mezani, sikumpa mkononi. Roho yangu ilikuwa nyeusi siku ile, siwezi kuipaka rangi nyingine.

Wiki iliyofuata Spika akaja kuniomba ushauri. Walitaka kuvunja picha ya Tabasamu hadharani, uani kwetu, palepale babu alipoaibishwa, babu akitazama, na wapige video. Picha ziko nyingi, achukue ipi?

"Ile ya ofisi ya mtaa," nikasema. "Ndiyo ya kwanza kabisa. Tena ni kazi ya baba yako, ana namba yake pale juu."

Akanikumbatia.

Kaka alipata habari ikiwa imebaki siku moja. Alikuja jikoni kwangu hana rangi. "Mwambie abadilishe. Achukue ya shule, achukue ya posta, yoyote."

"Mwambie wewe. Ni mwanao."

"Nitamwambia kwa sababu gani?"

"Mwambie ulikuwa safarini."

Kaka akatoka. Halafu akaenda ofisi ya mtaa na bisibisi mfukoni, akidai anataka kukaza misumari, akakuta ukuta mtupu. Vijana walishaibeba. Akamfuata binti yake. "Mwanangu, nipe niifungue taratibu, kioo hiki ni cha zamani, kitamkata mtu."

"Baba, sisi tunataka kivunjike."

Jumapili saa tisa alasiri uani palijaa. Watoto wa watu, wengi wenye adabu tu, walinisalimia mmoja mmoja na kuvua viatu kabla ya kuingia kuomba maji. Baba nilimketisha barazani kwenye kiti chake. Kaka alisimama karibu na karo la kufulia. Spika akazungumza. Alizungumza vizuri, lazima niseme ukweli. Kisha akaiinua ile picha kwa mikono miwili na kuibamiza chini.

Kioo kikaruka. Fremu ikaachana kwenye pembe. Tabasamu akateleza upande mmoja, na nyuma yake akatoka Kofia.

Walishangilia kwanza, wakadhani ni muujiza. Kofia alikuwa amejificha ndani ya adui yake, mnaona! Mmoja akapiga magoti. Spika akaiokota picha, na hapo ndipo alipoona doa. Kwenye bega la Kofia kulikuwa na alama ya unyayo, kahawia, vidole vitano vyote. Akaigeuza. Akasoma kwa sauti, maana hajui kusoma kwa sauti nyingine.

"'Mtoto wa kwanza, wa kiume, Jumanne alfajiri, kilo tatu na nusu. Mungu amkuze awe wa faida. Mtoto wa pili, wa kike, Ijumaa mchana, analia sana.'" Akaangalia fremu, pale penye namba moja. "Baba. Hii ni picha ya Babu. Iliingiaje kwenye fremu yako?"

"Niliiokota," kaka akasema. "Niliporudi. Nilikuta wameitupa."

Mambo yangeweza kuishia hapo. Spika alitaka kuamini, nilimwona anavyotaka. Akanigeukia, uso wa mtoto anayeomba aambiwe kwamba sindano haiumi. "Shangazi, wewe ulikuwepo. Nani aliwaleta wale watu?"

Nilikuwa na neno moja tu la kusema: "Sikumbuki." Lingetosha.

"Baba yako," nikasema. "Alikuwa mbele yao. Ndiye aliyeitoa ukutani, na ndiye aliyepiga makofi kuliko wote."

Kisha kijana mmoja nyuma akasema, bila hasira, kama anayekumbusha utaratibu, "Basi naye akanyage." Wakaipokea. Akanyage, avue viatu, akanyage. Waliweka picha ya Tabasamu katikati ya vioo. Simu zikainuka. Spika alisimama na ile kadi kifuani, hakusema wamkanyagishe wala hakusema wamwache, na baba yake alimwangalia yeye peke yake, akingoja. Alipoona hakuna kinachokuja akainama kushika kamba za viatu.

Lakini kulikuwa na mwingine aliyeanza kabla yake.

Baba alikuwa amesogea mpaka ngazi za mlango. Aliona umati, aliona kioo, alimwona mwanawe katikati ya vijana wenye hasira. Akaketi, akafungua kamba, cha kushoto kwanza. Soksi akaikunja akaitia ndani ya kiatu. Kisha akamwita kijana aliyekuwa karibu, mrefu kidogo kuliko wenzake, akamwuliza. Alidhani ananong'ona. Viziwi hawajui kunong'ona, na uani kote tulimsikia.

"Nikikanyaga, mtamwacha mwanangu?"

Miaka thelathini na minane nimejiuliza aliuliza nini siku ile. Nilidhani aliomba asamehewe kikapu. Kaka naye alikuwa hajui. Alibaki ameinama vilevile, kamba mkononi, mdomo wazi, na lile neno lake la uti wa mgongo nililiona likimrudia usoni.

"Mwache akanyage," mtu akasema kwa kicheko nyuma yangu. "Itapendeza kwenye video."

Spika akamkimbilia babu yake, akapiga magoti, akamshika mguu ili asivue kiatu cha pili. Analia, anasema Babu si wewe, Babu si wewe. Baba hakusikia. Aliona tu binti mdogo ameshika kiatu chake, akampapasa kichwani akamshukuru kwa kumsaidia kuvua. Akainuka na mguu mmoja mtupu, akaanza kuja.

Mimi nilikuwa hatua tatu tu. Aliyekwenda ni kaka. Alipiga magoti mbele ya baba na kuanza kufagia kioo kwa viganja, fundi anayejua kioo kuliko mtu yeyote pale, anakizoa kwa mikono mitupu kama anazoa nafaka iliyomwagika, ili pale mguu utakapotua pawe peupe. Baba alitua, akasimama juu ya Tabasamu, akangoja aambiwe ashuke. Hakuna aliyemwambia. Vijana walianza kuondoka wawili wawili, wengine wakinishukuru kwa maji.

Video ilizunguka kabla jua halijazama. Waliikata, wakaacha mzee tu anavua kiatu na kukanyaga Tabasamu, wakaandika chini yake kwamba mashujaa hawazeeki. Spika hakuituma yeye. Hakuifuta pia. Alichukua mkoba wake na ile kadi akaenda kwa rafiki yake, na mpaka naandika haya hajapokea simu ya baba yake wala yangu.

Kaka nilimketisha jikoni, viganja juu ya taulo chini ya taa. Nilitumia kibanio kilekile cha mama, ninacho bado. Chumba cha pili baba alikuwa akiuliza kama barua za saa nne zimefika. Nilikuwa kwenye kipande cha saba kaka aliponiuliza, bila kuniangalia.

"Nani alimwambia Spika achukue ile ya ofisi ya mtaa?"

Nikavuta taa karibu.

"Tulia," nikamwambia. "Kuna kingine humu."